Racheti Thelathini na Nane

Safiyo Jalal alimwaga sanduku lote juu ya boneti ya Hiace nyeupe, na vyuma vikaanguka kwa kelele hadi mbwa wa jirani akaanza kubweka. Alikuwa ameshavihesabu mara mbili ofisini kwake Bondeni. Leo alitaka mwenye gari avihesabu mwenyewe, kwa sauti.

"Haya, hesabu."

Kipkirui alihesabu. Alikuwa mtu mrefu mwenye mabega ya mkulima, na ile Hiace iliyoegeshwa nje ya nyumba yake ya kupanga pale Lanet ndiyo iliyokuwa duka lake kwa miaka minne. Ndani hakukuwa na viti, ila rafu zilizojaa spana, soketi, praya na bisibisi. Kila wiki alizunguka gereji kwa gereji, Kaptembwo, Molo, mpaka Kuresoi, akiwauzia makanika vifaa palepale walipo, walipe kidogo kidogo.

"Thelathini na nane," alisema.

"Zote umerudisha wewe?"

"Ndiyo, madam. Waranti."

Racheti, kwa asiyeijua, ni ule mpini wa kuzungushia soketi, unaolia kre-kre-kre fundi akifungua nati. Kampuni ya Nairobi iliyokuwa ikimpa Kipkirui bidhaa iliahidi hivi: racheti yetu ikivunjika, irudishe, utapewa mpya bure, hata baada ya miaka ishirini. Ahadi tamu. Lakini katika miezi mitatu mtu mmoja wa Nakuru alikuwa amerudisha nyingi kuliko wauzaji wengine wote wa Bonde la Ufa wakijumlishwa, na zote zilikatika mahali pamoja, vidole viwili chini ya kichwa, kana kwamba mkono mmoja ndio uliozivunja.

Ndipo Becky, meneja wa kampuni, alipompigia Safiyo. Safiyo alikuwa amefanya upelelezi wa polisi miaka kumi na mmoja kabla ya kufungua ofisi yake, na hakuwa mtu wa kuzungushwa. "Gari ni la mkopo wetu," Becky alimwambia. "Jumatatu saa nne naja kulichukua, na faili yake inaenda polisi. Ukipata kitu cha kunibadilisha nia kabla ya hapo, nitakusikiliza." Leo ilikuwa Ijumaa.

"Nieleze biashara," Safiyo alisema, akifungua daftari la Kipkirui juu ya goti. "Racheti unanunua ngapi?"

"Elfu mbili mia saba."

"Unauza?"

"Tatu na nusu."

"Mia nane juu. Si mbaya, bwana."

Kipkirui alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye mashemeji humwambia maneno hayo kila Krismasi. "Kila mtu huona hiyo mia nane. Sasa ona hapa. Mwezi nikiuza ya laki nne, faida ya juu-juu ni elfu tisini na mbili. Toa mkopo wa gari, ishirini na nane. Toa mafuta, kumi na nane. Vibali vya kaunti na kuegesha, nne. Na wale huhama usiku na vifaa vyangu kabla wamalize kulipa, weka kumi."

"Thelathini na mbili."

"Hiyo ni mwezi mzuri. Januari usiniulize." Alipapasa usukani kupitia dirishani. "Na klachi inateleza tangu Pasaka. Lakini namshukuru Mungu. Nilikuwa nauza viazi Kuresoi, na viazi vikioza huwezi kuvirudisha na waranti."

Safiyo hakucheka. "Sasa nikupe hesabu ya Becky. Racheti kuukuu ya kampuni, iliyochakaa, unainunua kwa makanika mia tatu. Unaibana kwenye vaisi, unaivunja. Unairudisha, unapewa mpya, unaiuza tatu na nusu. Hiyo si mia nane tena. Ni elfu tatu mia mbili kwa kila moja. Mara thelathini na nane, ni laki moja ishirini na moja na mia sita. Kwa miezi mitatu, unapata zaidi ya elfu arobaini kila mwezi, na hujalipa hata mafuta."

"Madam, hiyo mimi hata sikuwa nimeifikiria."

"Wezi wote huniambia hivyo."

Alirudi kwenye daftari. Jambo moja lilikuwa linamkera. Kila baada ya mauzo ya Kaptembwo kulikuwa na mstari mdogo, wino uleule, mwandiko uleule: *Odongo, 50.* Ukurasa baada ya ukurasa, Odongo na hamsini zake.

"Huyu Odongo ni nani?"

"Fundi wa kuchomelea, huko Kaptembwo. Anaweka alama kwa vifaa."

"Ana vaisi?"

"Fundi gani wa kuchomelea hana vaisi?"

Safiyo aliandika neno hilo na kulipigia mstari.

*

Kaptembwo, barabara ya gereji ilikuwa na matope ya mvua ya jana, na chini ya lori la Canter lililoinuliwa kwa jeki mbili zilitokeza buti za Trizah. Alikuwa makanika wa kike wa pekee katika safu ile, na racheti tatu kati ya zile thelathini na nane zilirudishwa kwa jina lake.

"Boss wa Canter hayuko," sauti ilisema kutoka chini.

"Sitafuti Canter. Nakutafuta wewe. Racheti yako ilivunjikaje?"

Buti zilitulia. "Nilikuwa nafungua nati ya gurudumu, ikavunjika tu."

"Na ya pili?"

"Nilikuwa nafungua nati ya gurudumu, ikavunjika tu."

Safiyo alienda gereji ya jirani. Fundi alimwangalia miguu, akasema: nilikuwa nafungua nati ya gurudumu, ikavunjika tu. Ya tatu, vilevile. Ya nne, mzee mwenye meno mawili aliisema kwa kasi kama mtoto anayesoma shairi mbele ya wageni. Kufikia gereji ya tisa Safiyo alikuwa ameshapandwa na hasira. Watu wanaosema kweli hawafanani maneno. Alirudi kwenye Canter, akainama, akapiga bampa kwa kiganja.

"Trizah! Toka hapo chini."

Alitoka, grisi mpaka kwenye nyusi.

"Nani amewafunza hayo maneno? Kipkirui?"

"Hapana."

"Watu tisa, sentensi moja. Unajua nikiandika hivyo kwenye ripoti yangu, maana yake ni nini? Ni kwamba mmepanga pamoja. Jumatatu gari linaondoka na yeye analala seli."

"Ai, mathe, si hivyo!" Trizah aliinua mikono yake michafu. "Ni mimi. Nilisikia anachunguzwa, nikapigia kila mtu simu asubuhi nikawaambia tuseme hivyo. Yeye hajui kitu, haki ya Mungu."

"Kwa nini?"

Trizah alikaa juu ya tairi. "Mwaka jana waliniibia boksi yote. Yote! Nilibaki na bisibisi moja na watoto watatu. Huyu mtu alikuja Jumamosi kama kawaida, akanipata nimekaa hapa nalia. Alifungua gari akaniambia chukua. Vifaa vya elfu arobaini, mathe, na hakuuliza shilingi ya kwanza. Sasa kama sitamdanganyia huyo, nitamdanganyia nani?"

"Kwa kumshukuru mmekaribia kumfunga," Safiyo alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepoa. "Niambie ukweli wote, mara moja. Ilivunjikaje?"

"Tunaweka paipu."

"Paipu?"

"Nati za lori ni ngumu. Unaingiza paipu kwa mpini ili upate nguvu. Kampuni inakataza, ndio maana tulinyamaza. Lakini paipu tumeweka miaka yote, na hazikuwa zinavunjika. Ni mwaka huu tu. Mimi nilidhani wameanza kutuletea mbovu, nikaona aibu kumwambia."

Mwaka huu tu. Safiyo aliomba kuona ile aliyonayo sasa, ya nne, nzima. Trizah aliitoa mfukoni mwa ovaroli kwa shingo upande, kama mtu anayekabidhi simu yake kwa askari. Chini ya kichwa, vidole viwili, kulikuwa na vinundu vitatu vidogo vya kuchomelea, vimepangwa mstari mmoja.

"Hii ni nini?"

"Alama yangu. Vinundu vitatu ni mimi. Yule mzee wa meno mawili ana viwili na mstari. Ukiiba yangu, hata uipake rangi, nitaijua gizani kwa kidole. Kipkirui ndiye hulipia, hamsini kwa kila kifaa. Anasema makanika akiibiwa hawezi kulipa, kwa hivyo afadhali atulinde."

Safiyo alikwenda kwenye gari lake, akafungua sanduku la ushahidi, akazigeuza racheti moja moja. Alikuwa amevitazama vile vinundu tangu Jumatano na kudhani ni hesabu ya siri ya Kipkirui mwenyewe. Sasa aliangalia pale zilipokatika. Zote zilikuwa zimekatikia pembezoni mwa kinundu, na chuma cha hapo kilikuwa na doa la buluu iliyofifia.

Alichukua daftari, akatafuta Molo. Kipkirui alikuwa ameuza racheti ishirini na tisa Molo na Kuresoi mwaka huo, kutoka katoni zilezile. Zilizorudi: hakuna. Alipiga simu ya fundi wa kwanza kwenye orodha, mzee Cherop wa Molo.

"Mzee, shikamoo. Vifaa vyako unaviwekea alama?"

"Marahaba. Mimi napaka rangi ya kijani, ile ilibaki nilipopaka geti. Kwani kuna mtu ameiba?"

"Hapana mzee. Na paipu unaweka?"

"Wewe ni wa kampuni?"

"Asante, mzee," Safiyo alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alicheka.

*

Jumamosi asubuhi alimwambia Kipkirui alete Hiace Kaptembwo kama kawaida yake, na alipofika alinunua kutoka rafuni racheti mbili mpya, akalipa pesa taslimu.

"Elfu saba," Kipkirui alisema. "Nikuandikie risiti?"

"Andika. Faida yako leo ni elfu moja mia sita, usiseme sijawahi kukufaa."

Alimpa Odongo moja tu. Odongo alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani myeusi juu ya paji la uso, anayefanya kazi chini ya mabati matatu. "Iwekee alama," Safiyo alimwambia, "vilevile unavyofanya siku zote. Usinifanyie vizuri kwa sababu nakuangalia."

Odongo alivuta miwani. Cheche ziliruka, tii, tii, kinundu kimoja, cha pili. Kisha, bila kufikiri, alikichukua kile chuma kikiwa bado chekundu kwa koleo na kukitumbukiza kwenye debe la maji. Kilipiga kelele chwaaa na mvuke ukapanda.

"Hiyo maji ni ya nini?"

"Ipoe haraka. Jumamosi kuna foleni, madam. Zamani niliacha ipoe yenyewe, lakini zikawa nyingi sana, watu wananung'unika. Hilo debe nimeliweka tangu Januari."

Mafundi walikuwa wamesogea, kumi na saba, mikono imejaa mafuta. Safiyo alikuwa ameshaweka simu yake juu ya pipa, ikirekodi. Alimpa Trizah racheti isiyo na alama. "Gurudumu la Canter, nati ngumu kuliko zote. Weka paipu."

Trizah aliingiza paipu, akaegemea kwa uzito wake wote. Nati ilikataa, ikalia, ikaachia. Racheti ilikuwa nzima.

"Sasa hii ya Odongo. Nati ya pili."

Trizah hakufika hata nusu ya nguvu. Ilikatika paa! kama kijiti, kichwa kikaruka na kugonga debe, naye akajikuta amekaa kwenye matope. Kwenye mkono wake kulibaki mpini, umekatikia pembezoni mwa kinundu, vidole viwili chini.

"Woi!" mzee wa meno mawili alisema.

"Si chuma kibovu, na si wizi," Safiyo alisema. "Chuma hiki kimetengenezwa kiwandani kwa moto wa kipimo. Ukikichoma tena mahali padogo halafu ukakizamisha majini ghafla, hapo kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama sahani. Spana zenu nazo zina alama, ila spana hakuna anayeiwekea paipu, ndiyo maana hamkujua."

Odongo alivua miwani yake. "Kwa hivyo ni mimi."

"Ni mimi," Kipkirui alisema. Alikuwa ameegemea mlango wa Hiace. "Mimi ndiye nilimwambia aweke alama. Nilikuwa nauza viazi, madam, sijui mambo ya chuma. Nilifikiri nawasaidia."

Safiyo alimtumia Becky video, kisha akapiga simu na kuiweka kwa spika, kwa sababu mambo ya mtu yasemwe mbele yake. Becky aliitazama mara mbili. Walisikia ile paa! ikirudiwa Nairobi.

"Kwa hivyo hakuvunja kwa makusudi," Becky alisema hatimaye.

"Hakuvunja kabisa. Zote thelathini na nane zilikwenda kwa mafundi, nimeona zile mpya mikononi mwao. Molo wanapaka rangi, hazijavunjika hata moja. Ripoti utaipata leo jioni."

"Faili ya polisi naifunga. Lakini Safiyo, waranti yetu inasema wazi: kifaa kikichomelewa, waranti imeisha. Hizo thelathini na nane hakustahili kupewa. Bei yetu ni elfu mbili mia saba kila moja. Laki moja, elfu mbili na mia sita."

Safiyo alijua hesabu ile: miezi mitatu ya kazi ya Kipkirui, ile mizuri, bila kula.

"Akikubali kulipa kwa mwaka mmoja," Becky aliendelea, na sauti yake ilikuwa laini kidogo, "gari linabaki kwake. Yuko hapo?"

"Niko," Kipkirui alisema. "Nakubali. Kongoi, madam. Kongoi mising. Asante sana."

Simu ilikatika. Alijifuta macho kwa mkono wa shati, na hakujali nani anamwona.

"Unashukuru kwa deni?" Safiyo alimwuliza.

"Deni nitalipa, polepole, hata nikikula ugali na chumvi. Lakini mama yangu yuko Kuresoi. Angesikia mimi ni mwizi, hiyo ningelipa na nini?"

Safiyo alianza kukusanya vitu vyake. Kazi ilikuwa imeisha. Alikuwa akifunga sanduku aliposikia mlango wa nyuma wa Hiace ukifunguliwa, akageuka. Trizah, suruali imejaa matope, alikuwa amechukua zile kadi za njano ambazo Kipkirui huandikia malipo ya kila mteja, na anatafuta ya kwake.

"Leta kalamu," Trizah alisema.

"Ya nini?" Kipkirui aliuliza.

"Andika racheti tatu. Bei ya kampuni. Nitalipa kila Jumamosi kama kawaida."

"Trizah, wewe hukukosa. Ulipewa kwa waranti..."

"Zilifanya kazi ama hazikufanya? Zilinilisha ama hazikunilisha? Andika, bwana, nina Canter ya kumaliza."

Kipkirui alimwangalia, kisha akaandika, polepole. Nyuma yake mzee wa meno mawili alikuwa ameshanyoosha kadi yake. "Mbili." Akafuata mwingine: "Mimi nne, na usinicheke." Foleni ilijipanga pembeni ya gari bila mtu kuipanga, watu wanasukumana na kutaniana. Mmoja aliuliza kama akimrekebishia klachi atapunguziwa, akaambiwa klachi watairekebisha wote kesho baada ya kanisa, na hiyo haiandikwi popote. Trizah alipiga simu Kuresoi, akarudi na jibu la fundi wa Kaptembwo aliyehamia huko: "Anasema umwandikie moja."

Kipkirui aliandika huku machozi yakidondoka juu ya kadi. Alikuwa amejaribu kusema asante mara tatu, mpaka mzee akamwambia anyamaze aandike.

Safiyo alisimama pale na ufunguo wa gari lake mkononi. Miaka kumi na mmoja ya polisi haimtoki mtu. Alikuwa akihesabu bila kutaka. Tatu, tano, tisa. Kumi na nne. Ishirini na mbili. Thelathini na moja. Foleni ilipoisha, alikuwa na jumla yake, na jumla haikukaa sawa.

"Ngoja," alisema. "Nipe hizo kadi."

Alizipitia moja moja kwa kidole, kwenye boneti ileile alipomwaga vyuma jana. Akarudia kutoka mwanzo.

"Racheti ni thelathini na nane. Hapa zimeandikwa thelathini na tisa. Kuna mtu ameongeza."

Mafundi waliangaliana. Safiyo aliichomoa kadi moja, mpya kabisa, ambayo haikuwa na malipo ya nyuma wala kifaa kingine, jina limeandikwa juu kwa herufi kubwa zilizopinda. Aliinua macho akamtafuta mwenyewe. Alikuwa amerudi chini ya mabati yake, anamwaga maji ya lile debe kwenye mtaro.

"Odongo! Wewe si makanika. Huna racheti hata moja."

Odongo hakugeuka. "Sina," alisema, akiligonga debe chini ili litoke tone la mwisho. "Mwambie aiache tu hapo."